Kwa nini kuta hazifungi: historia ya kuchora nyumba kwa kompyuta

Wasikilizaji na wasomaji wetu, kuna swali linalorudi kila wiki kwenye simu ya redio, na kila mmoja analileta kwa namna yake. Mmoja anasema amechora nyumba yake ndani ya kompyuta, kuta zinaonekana vizuri, lakini programu inakataa kuweka sakafu. Mwingine nyumba yake ya vyumba viwili imetoka kubwa kama soko. Mwingine sakafu inapepesa macho kila anapogeuza picha. Wanaouliza ni vijana wanaofanya kazi kwenye sekretaria publiki, mafundi wajenzi waliopata kompyuta iliyotumika, na familia zilizokimbia vita zinazotaka kuchora nyumba waliyoiacha au ile watakayosimamisha siku ya kurudi.

Majibu mafupi tumekwisha kuyatoa hewani. Leo tunayaandika kwa urefu, na tunapitia njia ya historia, maana matatizo haya hayakuzaliwa kwenye kompyuta yako. Karibu kila moja lina umri kuliko wengi wenu mnaosoma, na ukijua lilikotoka unajua pa kulitafuta.

Kwetu huku jambo hili si mchezo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021 ulishuka tena na kumeza nyumba upande wa Buhene. Huko Kalehe, tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, maji yalifagia Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Juu ya hayo kuna vita. Kuna baba na mama waliojenga mara mbili, mara tatu katika maisha yao. Anayejenga mara ya tatu hana pesa ya kurudi sokoni kutafuta mbao na mabati kwa sababu plani ilimdanganya.

Tuanze mwaka 1963, Marekani. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha MIT, Ivan Sutherland, alimaliza kazi yake ya udaktari kwa programu aliyoiita Sketchpad. Alitumia mashine iliyoitwa TX-2, mashine ya kujaza chumba, na kalamu ya mwanga aliyoigusisha kwenye kioo. Alikuwa anachora mstari uliopindapinda kama wa mtoto, kisha anaiamuru mashine: mistari hii miwili iende sambamba, hii ikutane kwa pembe mraba. Mashine inanyosha yenyewe, na inakumbuka. Akivuta kona moja, mistari yote iliyoshikana nayo inafuata.

Hapo ndipo penye siri ya tatizo la kwanza. Kwa jicho lako, mistari minne ni chumba. Kwa mashine ni mistari minne tu, kila mmoja na mwanzo wake na mwisho wake, mpaka iambiwe kwamba mwisho wa huu ndio mwanzo wa ule. Sketchpad iliambiwa. Programu nyingi zilizokuja baadaye kwa kompyuta ndogo ziliacha sehemu kubwa ya ujuzi huo ili ziweze kutembea kwenye mashine dhaifu. AutoCAD, iliyo maarufu kuliko zote, ilipata masharti ya namna hiyo mwaka 2009 tu, karibu miaka 50 baada ya Sutherland.

Kwa hiyo sakafu ikikataa kuingia, usigombane na sakafu. Chukua mfano wa Sweet Home 3D, programu ya bure iliyotengenezwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret. Tunaitaja kwa sababu inaongea Kifaransa, na ukishaiweka kwenye kompyuta haikudai intaneti. Ukichagua kifaa cha kuchora vyumba na kubofya mara mbili katikati ya kuta zilizofungana, inatandika sakafu peke yake. Isipotandika, kuna kona iliyo wazi. Kuza picha kwenye kila kona, kuza tena kupita unavyofikiri inatosha, utaona kijinafasi cha sentimita 1 au 2 ambacho kwa mbali hakionekani. Vuta ncha ya ukuta mpaka imshike mwenzake. Mara nyingi chanzo ni kwamba ile sumaku ya programu, ambayo kwenye mapendeleo inaandikwa « magnétisme », ilizimwa, na ncha zikawa zinaachwa popote mkono ulipotetemeka. Fundi anayechora kwa panya ya zamani juu ya meza inayocheza anaihitaji sumaku hiyo kuliko mtu yeyote.

Tatizo la pili, la ukubwa, linatupeleka mwishoni mwa mwaka 1982. Kampuni changa ya Autodesk, ya John Walker na wenzake, ilitoa AutoCAD kwa kompyuta za mezani. Kabla ya hapo kuchora kwa kompyuta kulikuwa kwa viwanda vya ndege na magari, kwa mashine ambazo ofisi ndogo ya msanifu wa nyumba isingeweza kuota kuzinunua. Lakini ndani ya faili, namba ilikaa uchi. Ukiandika 600, imekuwa 600. Ya nini? Mchoraji alijua mwenyewe kichwani. Baadaye yalikuja mafaili mengine ya vitu vya 3D, kama STL ya mwaka 1987 na OBJ, nayo hayasemi kama namba ni ya milimita, sentimita au inchi.

Angalia kinachotokea. Wewe umechora ukuta wa mita 6, yaani sentimita 600. Rafiki yako anafungua faili kwenye programu iliyowekwa kwa vipimo vya Kimarekani, inasoma inchi 600. Inchi moja ni sentimita 2.54, basi ukuta wako umekuwa mita 15 na sentimita 24. Msicheke. Mwezi wa tisa mwaka 1999 shirika la NASA lilipoteza chombo kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama vya metriki. Hao walikuwa wahandisi wa anga.

Dawa ni kupima kitu unachokijua. Mlango wa kawaida una upana wa sentimita 80 au 90 na urefu wa mita 2 hivi. Kitanda cha watu wawili unakifahamu. Kiweke ndani ya chumba na uangalie. Kikionekana kikubwa au kidogo, gawanya kipimo unachokiona kwa kile unachokitaka. Ukipata 2.54 au karibu yake, mtu alichanganya inchi na sentimita. Ukipata 10, ni milimita na sentimita. Ukipata 100, ni sentimita na mita. Ukipata namba ya ajabu kama 1.37, tatizo si vipimo, ni picha uliyoiweka chini.

Hii ya picha inawapata hasa wale waliotoka na plani ya karatasi ndani ya bahasha. Wanaipiga picha kwa simu, wanaiingiza chini ya mchoro na kuifuatisha. Ni njia nzuri, lakini ile 1/100 iliyoandikwa pembeni haina maana tena. Fotokopi imekwisha kuipunguza, na simu haijui lolote. Programu inakuomba uonyeshe mstari mmoja ambao urefu wake unaujua. Chagua mrefu kuliko yote, ukuta wa nje, siyo dirisha, kwa maana kosa dogo la mkono kwenye dirisha la mita 1 linazidishwa mara 6 kwenye ukuta wa mita 6. Na piga picha simu ikiwa juu ya karatasi moja kwa moja. Ukiinamisha simu, upande wa mbali unafupika, na vyumba vya mraba vinapinda.

Mwaka huohuo wa 1982, mbali na Marekani, katika mji wa Budapest nchini Hungaria, Gábor Bojár alianzisha kampuni ya Graphisoft. Mimi historia hii naipenda kuliko zote. Hungaria ilikuwa upande wa Urusi wakati wa vita baridi, na nchi za Magharibi zilizuia mashine zenye nguvu zisiuzwe huko. Kazi ya mwanzo ya watu wa Bojár ilikuwa kuchora mabomba ya kituo cha nyuklia cha Paks, na waliifanya kwa mashine ndogo maana kubwa hawakuruhusiwa kuwa nazo. Mwaka 1984 walitoa programu ya nyumba kwa kompyuta za Apple, ile ambayo baadaye ilijulikana kama ArchiCAD. Ndani yake ukuta haukuwa tena mistari miwili. Ulikuwa ukuta: una unene, una kimo, na mlango ukiwekwa unajua kutoboa. Uhaba wa vyombo haukuwazuia kufikiri, tena pengine uliwalazimisha.

Lakini ukuta wenye unene ulileta swali ambalo mstari haukuwa nalo. Unapochora ukuta wa mita 6, mita hizo zinahesabiwa wapi, nje, ndani, au katikati ya unene? Sweet Home 3D inahesabu katikati. Tena, ukiiacha ilivyo, inaweka unene wa sentimita 7.5, ambao si wa tofali letu wala si wa nyumba ya mbao. Tufanye hesabu pamoja. Unataka nyumba ya mita 6 kwa 5 ya matofali, ukuta wa sentimita 20. Umechora mita 6 kwa 5, programu imekubali, umefurahi. Ndani umepata mita 5.80 kwa 4.80, yaani mita za mraba 27.84 mahali pa 30. Nje nyumba imekuwa mita 6.20 kwa 5.20. Ndani umepoteza zaidi ya mita 2 za mraba, nafasi ya kitanda cha mtoto, na nje umeingia sentimita 10 kila upande kwenye kiwanja cha jirani kama mlipima mpaka kwa kamba. Kwenye avenyu zetu, kesi ya sentimita 10 inaweza kudumu kuliko nyumba yenyewe.

Basi badilisha unene kabla hujachora ukuta wa kwanza. Kisha amua: ukitaka mita 6 kwa 5 za ndani, chora 6.20 kwa 5.20. Ukitaka ziwe za nje, chora 5.80 kwa 4.80. Na fundi umwambie kwa mdomo, kwa sababu yeye anapima ndani kwa ndani.

Sasa ile sakafu inayopepesa. Mwaka 1974 Edwin Catmull, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Utah, baadaye mmoja wa waanzilishi wa Pixar ya filamu za katuni, alieleza njia rahisi ya kuamua kitu gani kinaonekana mbele ya kingine. Mjerumani Wolfgang Straßer aliieleza mwaka huohuo kwa upande wake. Kwa kila nukta ya kioo, mashine inaandika umbali wa kitu kilichoko hapo. Kikija cha karibu zaidi, kinakifuta cha nyuma. Kompyuta na simu zetu bado zinafanya hivyo. Lakini vitu viwili vikiwa umbali uleule kabisa, mashine inakosa la kuchagua. Nukta hii inampa wa kwanza, nukta ya pili inampa mwenzake, ukigeuza picha wanabadilishana. Hakuna kirusi, na kadi ya picha haikuharibika. Umeweka kigae juu ya sakafu kwa kimo kilekile, au umenakili ukuta ukaubandika pale pale bila kujua. Futa mmoja, au unyanyue sentimita moja. Ukikuta kuta mbili mahali pamoja, shukuru kwamba umeliona sasa, kwa maana orodha ya vifaa ingehesabu matofali mara mbili.

SketchUp nayo ina vituko vyake. Ilitoka mwaka 2000, kazi ya kampuni ndogo ya Boulder, Colorado. Google ikainunua mwaka 2006 na kuigawa bure, ndiyo maana iliingia mpaka kwenye senta za infomatiki za miji yetu. Mwaka 2012 ikauzwa kwa Trimble. Waliotengeneza walitaka kuchora kuwe kama kufinyanga udongo: nyuso zikigusana zinashikana. Ndiyo sababu ukivuta meza, ukuta unakuja nayo. Funga kila kitu kilichokamilika kuwa kundi moja kabla ya kuanza kingine, tatizo linaisha. Ukiona uso wa rangi ya bluu-kijivu nje ya nyumba, umegeuka ndani nje; kila uso wa 3D una mbele na nyuma, na programu nyingine zinaacha kabisa kuchora upande wa nyuma ili kupunguza kazi, hivyo ukuta wako utaonekana kama tundu huko unakoupeleka. Ugeuze kabla hujatuma. Toleo la mwisho la bure la kuweka kwenye kompyuta lilikuwa la mwaka 2017. Linalotolewa bure siku hizi linataka intaneti, na kwa mtu anayenunua megabaiti za 500 franka hilo si la bure.

Paa linastahili aya yake. Programu nyingi zinaezeka peke yake, lakini zinadai kuta za nje zifunge, na hapo tunarudi kwenye kona ya Sutherland: paa likikataa, kagua kona kwanza. Sweet Home 3D yenyewe haikuzaliwa na kitufe cha paa. Watu wanalitengeneza kando na kuliingiza kama samani. Matokeo yake wengi wanaacha nyumba bila paa na kuhesabu mabati kwa kuangalia plani kutoka juu. Hilo ni kosa la pesa. Nyumba yetu ya mita 6 kwa 5, mgongo wa paa ukipita katikati kwa urefu, kila upande unaonekana mita 2.50 kutoka juu. Kama mgongo umepanda mita 1.25, bati linalala kwa mteremko, na urefu wake ni mita 2.80 hivi. Pande mbili zinafanya karibu mita 5.60, si 5. Kwa urefu wa mita 6 umekosa mita za mraba 3 na nusu, bado hujahesabu sehemu inayotoka nje ya ukuta wala pale bati linapolaliana na lingine. Katika mvua zetu sehemu hiyo inayotoka nje ndiyo inayolinda mbao za chini zisioze.

Kuna jambo programu hizi hazikuwahi kulijua vizuri, nalo ndilo linalotuhusu kuliko yote: udongo. Ukifungua karibu yoyote, inakupa uwanja tambarare. Mtu wa Bukavu aliyeko mtaa wa mlimani anachora nyumba nzuri, anashuka kiwanjani, anakuta upande mmoja umeningʼinia mita 2 hewani. Chora kwanza mteremko. Funga kamba kwenye ncha ya juu ya kiwanja, inyoshe kwa kipimo cha maji mpaka ncha ya chini, pima kutoka kamba hadi ardhini; namba hiyo ndiyo kimo cha msingi upande wa chini. Ndani ya programu ongeza ngazi moja chini ya sakafu yenye kimo hicho, na kuta za mawe ziingie humo. Bila hiyo, orodha yako ya mawe na saruji ni ya nyumba nyingine. Goma kuna kinyume chake: jiwe la volkeno liko juu juu, na shimo la choo lililochorwa mita 3 kwenda chini kwa kubofya mara moja, vijana watalipiga nyundo wiki nzima. Na kama kiwanja kiko kwenye njia ya mto kama Nyamukubi, hakuna programu itakayokuonya. Waulize wazee wa hapo maji yalipita wapi.

Sehemu ya 3D ikiwa nyeusi tupu, kosa kwa kawaida liko kwenye dereva ya kadi ya picha ya kompyuta ya zamani. Itafutie dereva yake, au endelea kuchora kwa 2D, plani itatoka tu. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, Sweet Home 3D ina mapendeleo ya kuhifadhi yenyewe kila baada ya dakika kadhaa ili kuokoa kazi. Weka dakika 5.

Kwa familia zilizo kambini au kwa ndugu, zinazochora nyumba waliyoiacha, tuna neno tofauti. Plani iliyotoka kwenye kompyuta haithibitishi kwamba kiwanja ni chako. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973, udongo ni wa Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na « certificat d'enregistrement ». Anayekuuzia mchoro wa 3D kama karatasi ya umiliki anakuibia. Lakini mchoro unasaidia kukumbuka, na kumbukumbu zinapotea haraka kwa watoto. Wakae wote, baba, mama, bibi, kila mmoja aseme hatua ngapi kutoka mlango hadi jikoni, dirisha lilitazama wapi, mti wa parachichi ulikuwa upande gani wa choo. Hatua ya mtu mzima pimeni hapo hapo mlipo kwa mita, mzidishe. Msipokubaliana, andikeni vipimo vyote viwili. Mkimaliza, toeni PDF, andikeni juu yake jina la mtaa, avenyu, majirani wa pande nne na tarehe mliyochora, muweke nakala moja kwenye flashi na nyingine kwenye simu ya ndugu anayeishi mji mwingine.